Marehemu Alifunga Magoli Matatu

Mume wangu alikufa mwezi wa tano. Mwezi wa saba akafunga magoli matatu!

Ndiyo, mmesoma vizuri. Wenye presha mtanisamehe.

Naitwa Husna, wa Magomeni, Mtwara. Mwaka 2008 mume wangu Asadi aliondoka asubuhi kwenda Msumbiji kuuza kanga. Mfukoni alikuwa na gemu yake ya mkononi, ile ya mpira, aliyoipenda kuliko mimi.

Mlangoni akanionyesha kioo.

"Ona mke wangu, inahesabu muda niliocheza. Leo nimetimiza saa mia!"

"Ungezilimia, saa hizi tuna shamba la mikorosho."

Akacheka, akaenda zake.

Siku ya tatu shemeji yangu Sudi akaja na ndala moja ya Asadi mkononi...

"Shemeji, kiboko kapindua mtumbwi pale Ruvuma. Mwili haujaonekana."

Nililia mpaka sauti ikakauka. Asadi akaswaliwa bila jeneza. Mimi nikawekwa eda kwa mama mkwe, miezi minne na siku kumi, mlango siuoni.

Mwezi wa saba ikaja simu kutoka kwetu Ziwani. Mama yangu mzazi amefariki!

Nikamwangukia mama mkwe miguuni.

"Mama, niache nikamzike mama yangu. Jioni nitarudi."

"Mwenye eda haendi msibani. Unataka kumtesa mwanangu kaburini?"

Kaburi lipi? Sikuuliza. Mama yangu akazikwa, mimi nimekaa mkekani.

Siku ya kutoka eda, wanawake walijaa ndani, udi unafuka, sheikh na wazee wako barazani. Sudi alikuwa amerudi asubuhi ile kutoka Msumbiji. Simu yangu ilizima, nikafungua begi lake nitafute chaja.

Nikakuta gemu ya Asadi!

Nikaiwasha. Jina, Asadi. Muda wa kucheza, saa mia mbili na kumi! Na mechi ya mwisho ilikuwa imehifadhiwa pamoja na tarehe yake...

Tarehe ile ile aliyozikwa mama yangu. Kashinda tatu bila!

Nikatoka nayo barazani, kichwa wazi, aibu nimeitupa.

"Shemeji, hii imetoka wapi?"

"Aah... aliisahau kwangu. Nilikuwa nacheza mimi."

"Haya, cheza tuone."

Jamani! Sudi aliishika juu chini. Akabonyeza huku, akabonyeza kule, ikazima. Sheikh anamtazama tu.

Hapo mama mkwe akaropoka kutoka mlangoni:

"Sudi! Si nilikwambia usiingie nayo humu? Sasa mwenyewe akiiulizia utamjibu nini?"

Wazee wote wakamgeukia.

"Mwenyewe nani, Mama?" nikauliza.

Sudi ndiye aliyetoboa yote. Asadi alikuwa Palma, huko huko Msumbiji, kaoa mke mwingine, na gemu kampa Sudi amnunulie chaja mpya. Siku ya ndoa yetu alimwapia mama yangu, mkono juu ya msahafu, kwamba hataniletea mke mwenza. Sasa akaogopa kiapo, akaona bora afe! Na mama yake alijua tangu siku ya ile ndala.

Sheikh akaagiza Asadi aitwe. Akaja wiki iliyofuata, kanenepa.

"Husna, nisamehe."

"Nataka talaka yangu."

Akaitoa mbele ya watu. Nikajua yamekwisha. Sheikh akakohoa kidogo...

"Sasa mwanangu, utakaa eda."

"Eda gani tena?"

"Ya talaka."

Nilicheka mpaka wakadhani nimerukwa na akili. Eda mbili, mwanaume mmoja!

Nikakubali. Lakini hii ya pili niliikalia Ziwani, nyumbani kwa mama. Kaburi lake liko nyuma ya nyumba, kwenye mikorosho. Kila asubuhi nilifagia majani, nikamwomba radhi. Mpaka leo sijui kama amenisamehe.

Dada yangu unayesoma hapa, mama ni mmoja. Akifa, nenda kamzike. Watakaosema, waache waseme!