Kisanduku cha Stoo ya Shule

Asubuhi Robi alimmiminia binti yake Pauline uji.

"Kitendawili!"

"Tega."

"Kinapita chini ya nyumba, mlango hakiugusi."

Pauline akaweka kikombe chini. "Ni tetemeko. Mama, usitege hicho tena."

Wiki iliyopita ardhi ilitikisika hapo Kehancha. Ukuta wa gredi ya nne, darasa la Pauline, ukapata ufa. Mkaguzi wa majengo hakuwa amefika, maana shule zilizotikiswa zilikuwa nyingi. Robi ndiye mpishi wa shule. Alisonga ugali, masikio yakiwa darasani.

Siku hiyo Madam Achieng, mwalimu wa Pauline, alifunga kisanduku chenye taa kwa skrubu kwenye sakafu ya stoo. Mashine ya unga ya jirani iliponguruma, sakafu ikatetemeka na taa ya kisanduku ikawaka. Robi akachomoa waya.

"Mama Pauline, nani amezima?"

"Ni mimi. Hicho kitu kinaita tetemeko!"

"Hakiiti, mama. Kinasikiliza ardhi tu. Sasa kimesikia mashine ya unga."

"Basi kitajuaje tetemeko lenyewe?"

"Peke yake hakiwezi. Shule moja Asumbi na nyingine Sindo zina vyao, vimeunganishwa kwa intaneti. Mashine yetu haitikisi Sindo. Vyote vikishtuka karibu wakati mmoja, hiyo ni ardhi."

"Kitatuonya mapema?"

"Hapana. Kitaonyesha palipotikisika zaidi, kuta za huko zikaguliwe kwanza."

Robi akatazama kuelekea darasani. "Na watoto?"

"Wanaingia chini ya dawati. Mkono mmoja unafunika kichwa, mwingine unashika mguu wa dawati. Hakuna kukimbia mpaka itulie."

Robi akarudisha waya.

Alhamisi saa nne, sufuria zikagongana. Mashine ya unga ilikuwa kimya. Robi alitamani kukimbilia darasani. Akajizuia, akaingia chini ya meza, akaikamata. Kishindo kikasikika gredi ya nne.

Ardhi ilipotulia, watoto walitoka kwa mstari, weupe kwa vumbi. Pauline hakuwamo.

"Pauline! Uuwi, mtoto wangu!"

Madam akamtoa wa mwisho, mzima. Matofali yalikuwa yamevunja ubao wa juu wa dawati lake.

"Mbona umechelewa hivyo?" Robi alilia.

"Nilikuwa nimeshika, Mama. Madam hakuwa amesema niachilie."

Visanduku vyote vitatu vilirekodi, cha Kehancha zaidi. Wakaguzi wakaanzia hapo, wakafunga darasa. Ukuta ukajengwa upya, safari hii kwa nguzo na mkanda wa zege.

Siku ya kulifungua darasa, Robi aliingia peke yake. Akaupiga ukuta kwa kiganja. Akaupiga tena. Ndipo akamwita mtoto.