Chai ya Watu Wawili

Mficha maradhi, wasema, kifo humuumbua. Warigia alifichua yake, na aliyemuumbua ni mpenzi wake.

Walikutana mwaka wa 1984, kwenye foleni ya simu pale posta, Eldoret. Warigia alivaa sketi ya kijani yenye marinda. Nderitu, karani wa stoo ya mahindi, alivaa suruali pana miguuni na marashi ya kutosha foleni nzima.

"Dada, unampigia nani mpaka uso umekunjamana hivyo?"

"Mtu asiyeuliza maswali."

"Basi mpe pole. Mimi ningeuliza hata umekula nini."

Warigia akacheka, mara ya kwanza tangu mama yake azikwe.

Kazi yake ilikuwa kupigia watu barua kwa taipureta kwenye veranda ya duka, mkabala na posta. Lakini kila alfajiri, chumbani kwake mtaani West Indies, aliandika huzuni yake kwa mkono katika daftari jeusi. Akishalifunga, aliweza kuoga na kwenda kazini. Mwezi wa nne wa mapenzi yao, alimpa Nderitu alisome.

"Nimelia, mpenzi," Nderitu alisema kwa simu ya dukani. "Sikujua mtu anaweza kuandika hivi."

"Ndiye huyu unaongea naye. Lirudishe Jumamosi."

"Na mimi mwenyewe nije?"

"Daftari kwanza."

Alilirudisha. Wiki mbili baadaye akaja Waithira, binti wa wafugaji wa kijiji kiitwacho Ziwa, kitambaa cha maua kichwani, viatu vimejaa matope.

"Mchumba wangu ana maneno mazito," alisema, akitoa barua. "Nisaidie kumjibu, asinicheke."

Warigia akasoma: *Tangu uondoke, bado ninapima maji ya chai ya watu wawili, kisha namwaga nusu.*

Chini, sahihi ya Nderitu.

Maneno yalikuwa yake mwenyewe; aliyeondoka alikuwa mama yake. Warigia alitoa daftari mkobani, akaliweka kando ya barua. Waithira akasoma kote kuwili kwa kidole, polepole.

"Hata koma hakuacha," alisema mwishowe. "Na mimi kwake sijawahi kunywa chai. Nilishangaa kidogo." Akavuta kiti. "Piga, dada."

Wakaandika: *Nderitu, chai uliyomwaga ni ya marehemu mama yake Warigia. Tafuta huzuni yako.* Wakatia sahihi wote wawili.

Nderitu alikuwa na mazoea ya kumpa Zachariah, mwenzake wa stoo, barua za wasichana azisome kwa sauti mbele ya wafanyakazi. Na hii alimpa, kabla hajaisoma.

Siku tisa Warigia hakuweza kuandika. Kila sentensi aliisikia kwa sauti ya Nderitu. Alfajiri ya kumi, akajaza ukurasa. Saa nne Nderitu akasimama mbele ya meza yake, ambapo mzee mmoja alikuwa akingoja kupigiwa barua ya kumpelekea mwanawe.

"Stoo nzima wananiita Chai," alisema. "Ungenisema faraghani. Yule wa Ziwa nilikuwa namchezea tu. Wewe ndiye wa kuoa. Omba msamaha, mpenzi, Jumapili nikupeleke kwetu Chepsaita ukamwone mama."

Neno hilo la mwisho lilimchoma. Akaingiza karatasi kwenye mashine.

"Palikuwa na mahali pamoja tu pa kumlilia mama yangu, ukapafanya soko. Leo asubuhi nimeparudia."

"Kwa hivyo?"

"Kwa hivyo sogea, unamzibia mzee mwanga. Msamaha siombi."