Doa Juu ya Kitanda

Kila asubuhi, kabla ya kwenda kwenye kibanda chake cha kushonea, Mama Pacha alimwamsha mama mkwe wake, akamwogesha, akamkalisha dirishani. Familia hiyo ilipanga vyumba viwili kwenye ghorofa ya tatu. Kutoka chini hadi mlangoni kulikuwa na ngazi hamsini na nne.

Mama mkwe alikuwa amevunjika nyonga miezi saba nyuma. Ndani ya chumba aliweza kutembea kwa mkongojo, polepole. Ngazi hakuziweza. Tangu alipovunjika hakuwa amekanyaga ardhi, ila siku za kwenda hospitali, na siku hizo mwanawe alimbeba mgongoni.

"Leo kuna nini huko chini, mama?" Mama Pacha alimwuliza akimpangia mto.

"Muuza viatu kahamia kivulini. Kinyozi kagombana na mteja, mteja kaondoka na nywele nusu." Mama mkwe alicheka, kisha akageukia tena dirisha. "Nimekuwa redio ya mtaa, mwanangu. Nasema tu, siendi popote."

Kwa hiyo waliposikia kwamba Mzee wa Saa anauza nyumba, Mama Pacha na mumewe hawakupoteza muda. Mzee huyo alikuwa fundi wa saa aliyestaafu. Mkewe alikuwa amefariki, naye alitaka kuhamia kwa binti yake. Nyumba yake ilikuwa kuukuu, lakini ilikuwa ya chini. Ilikuwa na vyumba vitatu, na kizingiti chake kilikuwa sawa na barabara. Hakukuwa na ngazi hata moja.

Wanunuzi wengine wawili walikuwa wameshafika. Wote walitaka kuibomoa wajenge ghala.

"Nimewakatalia," Mzee wa Saa alisema. "Nataka waingie watu, si magunia."

Walikubaliana bei. Walilipa malipo ya awali, na wakili akaanza kuandaa mkataba wa mwisho. Saini ingetiwa baada ya wiki sita. Mzee akafanya jambo ambalo wauzaji wengi hawalifanyi. Aliwapa ufunguo.

"Njooni mpime mapazia," alisema. "Mimi siku hizi saa zangu zote zimesimama. Sina haraka."

Baba Pacha, aliyekuwa dereva wa gari la mikate, alifurahi mno. Walikuwa wamechagua chumba cha mbele kiwe cha mama. Kwenye dari ya chumba hicho kulikuwa na doa la rangi ya chai, kubwa kama sinia, juu kabisa ya mahali kitanda kitakapokaa.

"Bati limetoboka," alisema. "Jumamosi nitalibadilisha mwenyewe. Mzee katutendea wema, na sisi tumwonyeshe shukrani."

Jumamosi ikafika. Baba Pacha alikuja na ngazi ya kuazima, mabati mawili mapya na nyundo. Alikuwa amepanda nusu, mkewe akiishika ngazi, aliposikia sauti kutoka ng'ambo ya barabara.

"Hodi huko juu! Nyumba umeshanunua?"

Alikuwa mama mnene, mfupi, mwenye futi ya kupimia kiunoni. Mtaa mzima ulimwita Mama Futi. Alikuwa amekagua majengo kwa miaka thelathini katika ofisi ya jiji. Sasa alikuwa amestaafu, lakini leseni yake ilikuwa hai na bado alifanya kazi hiyo.

"Bado kidogo, mama," Baba Pacha alijibu. "Wiki sita tu."

"Kumbe umeposa tu, hujaoa! Na tayari unamwekea bibi harusi meno ya dhahabu? Shuka, baba. Shuka tuzungumze."

Mama Pacha alicheka hadi ngazi ikatikisika. Mumewe alishuka upesi.

"Nyumba hii leo ni ya nani?" Mama Futi aliuliza.

"Ya mzee."

"Basi bati ulilonunua wewe, ukilipigilia pale, ni la mzee. Mauzo yakivunjika, utapanda kulibandua? Mzee akifariki kabla ya saini, Mungu apishe mbali, warithi wake wanaweza kuwa na mawazo mengine. Na ukianguka ukavunja mguu juu ya paa la mtu, nani atalipa hospitali? Mtagombana watu mnaopendana."

"Lakini mzee ni mtu mwema," Baba Pacha alisema.

"Mwema sana. Nimeishi naye mkabala miaka ishirini. Mimi simsemi mzee, naisema nyumba. Na nani kakwambia ubovu uko kwenye bati?"

"Si lile doa?"

"Mvua ilinyesha lini mara ya mwisho?"

Mume na mke walitazamana. Ilikuwa imepita wiki tatu bila hata tone.

Mama Pacha aliingia ndani. Alipanda juu ya meza, akatoa chaki ya kushonea mfukoni, akachora mstari kuzunguka ukingo wa doa.

"Nguo ikimwagikiwa kibandani nafanya hivi," alieleza. "Najua kama doa limetulia au linatambaa."

Jumatano alirudi. Mvua ilikuwa haijanyesha. Doa lilikuwa limeupita mstari kwa upana wa vidole viwili.

Mama Futi alilitazama, akatikisa kichwa. "Chaki yako ina akili kuliko nyundo ya mumeo. Nyumba hii ikaguliwe yote kabla ya saini. Mkaguzi asiwe ndugu wa muuzaji, wala asiwe fundi atakayelipwa kutengeneza. Fundi anayetafuta kazi ataona ubovu hata kwenye kivuli."

"Tukagulie wewe."

"Nitafanya, kama mzee akikubali. Nitakagua mbele yenu wote. Ripoti moja, nakala mbili."

Hapo Mama Pacha alishikwa na wasiwasi. Itakuwaje mzee akiudhika? Wale wa ghala walikuwa bado wanapiga simu. Familia yake ikiikosa nyumba hii, ngazi hamsini na nne zilikuwa zinawangoja. Alilala na wazo hilo, akaamka nalo. Kisha alipiga moyo konde, akaenda.

Mzee wa Saa alimsikiliza hadi mwisho. Uso wake ulikunjamana.

"Miaka thelathini na miwili nimelala humu," alisema. "Leo nyumba yangu imekuwa mtuhumiwa?"

Mama Pacha aliona aibu. Hata hivyo, hakuinuka.

"Mzee, naomba nikuulize kitu cha kazi yako. Mtu akikuletea saa ya zamani umuuzie, nayo inatembea vizuri, ulikuwa unaiuza bila kuifungua nyuma?"

Mzee alimkazia macho. Kisha mabega yake yakaanza kutikisika kwa kicheko.

"Umenishika pabaya, binti yangu. Hapana. Kila saa niliifungua, hata ya shemeji yangu."

"Basi tuifungue nyumba."

"Haya. Tuifungue."

Ukaguzi ulichukua saa tatu. Mama Futi alipanda darini kwa kupitia tundu la ukumbini, tochi mkononi. Baba Pacha alimfuata.

Paa lilikuwa zima. Hakukuwa na tundu hata la sindano. Shida ilikuwa tangi la maji. Lilikaa juu ya mbao, na kwenye maungio ya bomba lake maji yalidondoka tone baada ya tone. Mama Futi aligusa ubao mmoja kwa bisibisi. Bisibisi ilizama.

"Kama mkate ambao haujaiva," Baba Pacha alinong'ona.

"Tangi hili lina lita mia tano," Mama Futi alisema. "Likijaa ni uzito wa watu wazima saba. Limekaa juu ya mbao mbili zilizooza. Chini yake kuna nini?"

Baba Pacha alitazama chini kati ya mbao. Alijua chini yake kuna nini. Kilikuwa chumba cha mama yake. Mabati yake mawili yangekaa juu yanang'aa, na tangi lingeendelea kuozesha mbao chini yake.

Waliposhuka, Mama Futi alipima nyaya. Nyingi zilikuwa za zamani, na soketi sita zilikuwa zimelegea. Madirisha mawili hayakufungika. Mlango wa jikoni ulikwaruza sakafu. Rangi ilibanduka kila mahali.

Waliketi mezani, mzee na wanunuzi pamoja. Mama Futi aliandika majina ya vitu katika safu mbili.

"Safu hii ni ya vitu vinavyoweza kuua mtu au kuangusha nyumba," alisema. "Tangi, mbao, nyaya, soketi. Hivi havisubiri. Safu hii ni ya vitu vinavyochukiza macho au mkono. Madirisha, mlango. Rangi sijaiandika kabisa. Msimsumbue mzee kwa rangi. Kila mtu hupaka yake."

"Na nani atatengeneza?" Mama Pacha aliuliza.

"Mnaweza kukubaliana kwa njia tatu. Muuzaji atengeneze kabla ya saini, kwa mafundi wenye leseni, na awape risiti. Au apunguze bei, nanyi mtengeneze mkishakuwa wenyewe. Au kazi ikiwa haiwezi kwisha kwa wakati, wakili ashike sehemu ya pesa mpaka ikamilike. Mnaweza kuchanganya."

Mzee wa Saa alifikiri. "Tangi, mbao na umeme nitatengeneza mimi. Siwezi kumuuzia mtu tangi la kumwangukia mama yake. Madirisha na mlango niwapunguzie."

"Tumekubali, mzee," Baba Pacha alisema haraka, akanyoosha mkono.

"Pokea mkono, lakini muandike," Mama Futi alisema. "Wakili aweke yote kwenye mkataba, na tarehe. Mkiachia mdomo, baada ya mwezi kila mtu atakumbuka lake."

Wakili aliandika. Mafundi walikuja. Tangi jipya liliwekwa nyuma ya nyumba, juu ya mnara wa chuma. Mbao mbili zilibadilishwa. Nyaya mpya zikapitishwa. Kila risiti mzee aliiweka kwenye kopo ambamo zamani aliweka skrubu za saa.

Siku moja kabla ya saini walirudi kukagua tena, orodha mkononi. Walifungua mabomba yote kwa wakati mmoja, wakasubiri nusu saa. Dari ilikuwa kavu. Walijaribu kila swichi. Walihesabu soketi mpya. Zilikuwa tano.

"Ya sita iko wapi?" Mama Pacha aliuliza.

Ilikuwa nyuma ya kitanda cha mzee, katika chumba cha mbele. Ilikuwa ileile ya zamani. Fundi hakutaka kusogeza kitanda na kabati, akaiacha.

"Mke wangu," Baba Pacha alisema kwa sauti ya chini, "soketi moja tu. Gari la kuhamia nimeshalikodi. Mwenye nyumba tuliyopanga anataka vyumba vyake. Mama ameshafunga mizigo tangu juzi. Tutaimalizia wenyewe."

Mama Pacha alitamani kukubali. Alimfikiria mama mkwe aliyekaa juu ya sanduku lake, amevaa viatu vya kutokea. Alitazama orodha. Akaitazama tena.

"Imo kwenye orodha," alisema. "Tusaini ikishatoka. Samahani, mzee."

"Usiombe samahani," Mzee wa Saa alijibu, ingawa alionekana amechoka. "Saa yenye skrubu moja iliyolegea haijatengenezwa."

Saini iliahirishwa kwa siku mbili. Mwenye nyumba alinung'unika. Watoto wao pacha walilalamika kwamba vitabu vyao vimo kwenye maboksi. Mama mkwe viatu vyake hakuvivua.

Fundi wa umeme alirudi. Safari hii wote walisaidia kusogeza kitanda. Alikata umeme, akafungua skrubu mbili, akavuta soketi.

Nyuma yake kulikuwa kweusi. Plastiki ilikuwa imeyeyuka ikaganda kama nta. Nyaya zilikuwa uchi. Ubao ulioshikilia soketi ulikuwa umeungua hadi kuwa makaa.

Mzee wa Saa alichukua soketi ile mkononi, akaigeuza karibu na macho, kama alivyozoea kutazama saa.

"Kichwa changu kilikuwa hapa," alisema. "Shubiri moja. Miaka kumi na moja tangu nikiweke kitanda hapa." Alimgeukia Mama Pacha. "Binti yangu, nilidhani unalinda nyumba yako. Kumbe siku hizi mbili ulikuwa unanilinda na mimi. Ahsante."

"Ahsante wewe, mzee, uliyekubali tufungue," Mama Pacha alisema. Baba Pacha alisogea karibu. Alimshika mkewe bega.

Saa nane mchana walitia saini kwa wakili. Jioni hiyo Baba Pacha alimbeba mama yake kushuka ngazi zote hamsini na nne. Jasho lilimtiririka, lakini hakupumzika hata mara moja.

Siku ya tatu ya kuishi katika nyumba ile, Mama Pacha alikuwa juu ya meza akitundika mapazia ya chumba cha mbele. Alisikia mkongojo ukigonga sakafu ya ukumbini, kisha saruji ya kizingiti, kisha barabara.

Alitaka kuruka chini akimbie. Alijizuia. Barabara haikuwa na magari. Mama mkwe alikuwa akivuka peke yake, hatua moja, anapumzika, hatua nyingine. Muuza maziwa alisimamisha baiskeli yake akangoja.

Mama mkwe alifika ng'ambo, akagonga mlango wa Mama Futi kwa ncha ya mkongojo.

"Hodi!"

"Karibu! Nani mwenzangu?"

"Jirani yako mpya," mama mkwe alisema, akihema. "Fungua taratibu, sina haraka. Nimekuja kwa miguu yangu mwenyewe kukuambia ahsante."