Taa za Droni na Vumbi la Kakuma

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, mimi hupangusa vumbi. Napangusa meza, napangusa sufuria, napangusa redio ya mama, na nikirudi mchana navikuta vyote vimejaa vumbi tena. Anayeishi Kakuma anajua ninachosema. Kwa hiyo msishangae nikiwaambia kwamba mwaka ule wa 2013, nilipokuwa darasa la saba, hakuna kitu kilichonichosha kama kitambaa cha kupangusia.

Baada ya kitambaa, aliyenichosha ni Sahal. Tulikaa dawati moja. Baba yake alikuwa na duka sokoni, na labda huko dukani ndiko alikojifunza kukagua kila kitu mara tatu. Ukimwazima kalamu, anaifungua kwanza aone wino umebaki kiasi gani. Mimi ni mtu wa haraka, na kukaa na Sahal kulinitia wazimu.

Lakini sote wawili tulikuwa kwenye klabu ya sayansi ya Mwalimu Akidor, na klabu ilikuwa na droni. Ni ndege ndogo isiyo na rubani, yenye mapangaboi manne na kamera chini ya tumbo. Bwana Lokeno wa ofisi moja ya mifugo kule Lodwar ndiye aliyetuazima, ili tujaribu kutafuta mbuzi waliopotea kwenye laga, ule mto mkavu ulio nyuma ya shule. Mchana upepo wetu ungeivunja. Jioni upepo hutulia, na ndipo wachungaji wanapogundua mbuzi hawajatimia. Tatizo ni kwamba jioni giza huingia upesi. Mara ya kwanza tulipoirusha, hatukuona mbele ni wapi na nyuma ni wapi, ikaenda moja kwa moja ikagonga mti wa miiba.

Bwana Lokeno hakupenda hata kidogo. "Mkitaka kuirusha gizani, ifungeni taa," alituambia kwa simu ya Mwalimu. "Ijumaa nakuja kuangalia. Ikianguka tena, narudi nayo Lodwar."

Sikulala vizuri wiki ile. Sijawahi kupenda kitu cha shule kama nilivyoipenda ile droni.

Sahal ndiye aliyepata wazo. Alileta taa mbili za baiskeli, zile za kuwaka na kuzima, moja nyeupe na moja nyekundu. Tulizifunga kwenye ncha za rula ya plastiki, nyeupe mbele, nyekundu nyuma. Ilibaki kuibandika rula chini ya tumbo la droni kwa tepu yenye gundi pande mbili. Kurusha ilikuwa kazi ya Sahal. Kubandika ilikuwa kazi yangu. Mwalimu Akidor aliandika hatua zote kwenye daftari la klabu, na ya kwanza ilikuwa: pangusa tumbo la droni kwa spiriti. Gundi haishiki juu ya vumbi.

Ijumaa saa kumi jioni nikawa nimekaa na droni mapajani. Spiriti ilikuwa kabatini kwa Mwalimu, ng'ambo ya uwanja, na jua lilikuwa bado kali. Nilikuwa nimeshaenda huko mara mbili, kuchukua tepu na kurudisha makasi. Nikasema moyoni, si vumbi tu? Nikapuliza, nikafuta kwa pindo la sketi, nikabandika. Kisha nikaweka alama ya tiki kwenye daftari, mahali palipoandikwa spiriti.

Sahal akaja. "Nyabol, umepangusa?"

"Nimepangusa."

"Kwa spiriti?"

"Kwa spiriti."

"Na kule kwenye kona?"

"Sahal, ukitaka nikupanguse na wewe, sema."

Alicheka kidogo, akaenda zake. Hakugusa rula. Aliniamini.

Saa moja kasoro, pikapu ya Bwana Lokeno ilifika kutoka Lodwar. "Ejoka?" alitusalimu. "Ejok-noi," tukaitikia sote, hata sisi ambao si Waturkana. Nusu ya shule ilikuwa imekuja kutazama, na jenereta ya soko ilikuwa inanguruma nyuma yetu.

Sahal alishika rimoti, droni ikapaa. Kusema kweli ilipendeza. Nyeupe mbele, nyekundu nyuma, zinawaka na kuzima, hata mtoto wa chekechea angejua inaelekea wapi. Ilivuka uzio, ikapita tangi la maji, ikawa juu ya laga. Bwana Lokeno alitikisa kichwa kwa kuridhika. Nikaanza kupumua.

Ndipo taa zikayumba. Zote mbili ziliinama, zikazunguka hewani, zikashuka hadi chini kwenye mchanga.

"Imeanguka," watoto wakapiga kelele, na wengine wakaanza kukimbia kuelekea kwenye laga.

Kanuni yetu ilikuwa moja: droni ikianguka, zima mota mara moja, zisije zikaungua kwa kusaga mchanga. Sahal alikuwa anajua kanuni zote. Uso wake ulikuwa umemshuka, na kidole gumba kilikuwa kinaenda kwenye swichi. "Nazima," alisema.

Mimi peke yangu nilijua kilichoanguka. Ilikuwa rula. Droni yenyewe ilikuwa bado juu gizani, na kelele za watoto na jenereta zilituzuia kuisikia. Sahal akizima, itadondoka kama jiwe. Nami nikisema, Bwana Lokeno atajua, Mwalimu atajua, na Sahal atajua. Nakiri kwamba nilifikiria kunyamaza. Ningesingizia upepo, na nani angebisha?

Nikamshika mkono. "Usizime. Haijaanguka. Ni rula peke yake."

"Umejuaje?"

"Sikupangusa kwa spiriti. Nilifuta kwa sketi."

Alinitazama sekunde moja tu, kisha akaondoa kidole kwenye swichi na kuviachia vijiti vya rimoti, ili droni isimame pale ilipo. Mwalimu Akidor aliwaamuru watoto wote wanyamaze. Bwana Lokeno alimulika tochi yake kubwa juu ya laga, huku na huku, mpaka tukaiona, inaning'inia hewani, inavuma kama nyuki.

"Betri?" aliuliza.

"Dakika mbili," Sahal alijibu. "Lakini sioni mbele ni wapi."

"Usiipeleke popote. Shusha tu."

Sahal akaishusha polepole, nao mwanga wa tochi ukaifuata mpaka ikagusa mchanga. Tulipoifikia, pangaboi moja lilikuwa limepata ufa. Basi.

"Nilikuuliza mara tatu," Sahal alisema.

"Najua."

"Mara tatu, Nyabol."

"Nimesema najua, Sahal." Nikageuka nisionekane nikilia.

Bwana Lokeno aliomba daftari la klabu. Akaimulika tiki yangu kwa muda mrefu. "Nilisema ikianguka naichukua," alisema mwishowe. "Haikuanguka, imeshushwa. Nawaachia. Lakini wewe binti, uniambie kwa nini uliandika hivi."

"Nilikuwa nimechoka," nikajibu. Mbele ya watu wote jibu hilo lilikuwa la aibu.

"Kuchoka si kosa," Mwalimu Akidor akasema. Hakuwa anafoka, lakini alikuwa amekasirika. "Ungeniambia umechoka, ningeileta spiriti mwenyewe. Kosa ni ile tiki. Sahal aliirusha droni akitegemea neno lako, na Bwana Lokeno ametoka Lodwar akitegemea daftari letu. Mtu akikuuliza kama umefanya kazi, anataka kujua kama anaweza kuendelea. Kama bado, sema bado, tutasubiri. Leo umesema ukweli ukiwa umechelewa, na bado umeiokoa droni. Ungeusema saa kumi, tusingehitaji kuiokoa."

Wiki nzima iliyofuata nilifagia chumba cha klabu, na nyie mnajua vumbi la Kakuma.

Jumatatu Sahal alileta rula nyingine. Nilivuka uwanja na jua lote lile, nikaleta spiriti, nikakaa chini na kitambaa. Hazikupita dakika mbili, akasimama mbele yangu.

"Nyabol, umepangusa?"

Aliniudhi vilevile kama siku zote. "Bado kona moja," nikamwambia.

"Sawa," akasema, akaketi kunisubiri.