Jike wa Rangi Yoyote

Saa tatu asubuhi shore-chuma mia nne, mashine zenye umbo la ndege, walipaa kwa mkupuo mmoja, wakatawanyika juu ya shamba la malimau chini ya milima ya Usambara. Kila mmoja alitoshana na ngumi, na mdomoni alikuwa na sindano ya umeme. Kazi yao ilikuwa kumdunga kipepeo jike tumboni kabla hajataga, maana viwavi wake walikuwa wakiyala majani hadi miti ikabaki fito.

Nakijwa, aliyewaundia akili, alitembea kati ya miti akiwakagua. Miaka miwili vipepeo walikuwa wamemshinda. Madume wote ni wa manjano, lakini majike wana sura nyingi: wengine hufanana na dume, wengine hujifanya vipepeo wachungu wasioliwa na ndege. Kila mashine zilipofundishwa rangi iliyozagaa, rangi hiyo ilipungua, na iliyokuwa adimu ikashamiri. Basi jana alifuta rangi kwenye akili zao. Akafuta na ukubwa, kwa kuwa kipepeo wa mbali huonekana mdogo. Akawaachia mwendo na tumbo tu: aendaye polepole, akisimama jani kwa jani, naye ana mimba, ambayo vihisi vyao huitambua hata ikiwa changa.

Shore mmoja akaja akaelea mbele ya tumbo lake. Kisha wanne. Kisha hakuweza tena kuwahesabu.

Mimba yake ilikuwa ya wiki kumi. Hata mumewe alikuwa bado hajui.

Kwa redio akamwita Singano, fundi wa mitambo, akamwambia shore wamemzingira. Singano alisema ameshatuma amri ya kuwazima, ila wangechukua dakika sita kutii. Kisha akauliza:

“Dada, kwani wewe...?”

“Ndiyo.”

“Basi tembea kama dume. Nenda moja kwa moja, haraka, usiguse jani.”

Akaenda. Hakusita, hadi mvumo wa mabawa ukafifia nyuma yake. Alipofika barabarani akageuka. Kundi lile lilikuwa limeelekea kwa wachumaji wa malimau upande wa pili wa shamba, ambako mwanamke mwenye tumbo la miezi minane alisogea mti hadi mti na ndoo yake, hana habari.

Nakijwa alimwita mara mbili. Sauti haikufika. Zilibaki dakika nne.

Akarudi shambani, mkono mmoja tumboni, akaanza kutembea polepole, akisimama penye kila tawi. Shore wa kwanza akageuka.