Nilichagua Chuo Mpaka Binti Yangu Akakosa Vyote Viwili

Nina umri wa miaka arobaini na minne, mzaliwa wa Voi, na huu ni mwaka wangu wa sita nikifanya kazi za nyumbani Jeddah, mtaa wa Al-Hamra. Niliyemkosea si mwajiri wala mume. Mume alishaondoka zamani na simlilii. Niliyemkosea ni binti yangu wa pekee, Wakesho... na kila nikikumbuka, hasira hunipanda. Hasira kwa nani? Kwa nafsi yangu!

Mnaosoma haya, msinionee huruma haraka. Subirini mfike mwisho.

Wakesho alimaliza kidato cha nne na alama nzuri, lakini hatukuwa na mbele wala nyuma. Alikaa kwa mama yangu miaka minne, akifundisha watoto wa chekechea kanisani, huku mimi nikijikusanya huku Uarabuni. Alipofika miaka ishirini na miwili tukasema, sasa. Akaomba vyuo viwili vidogo, vyote vya kanisa, vyote juu ya kilima, vyote vya aina ile ambayo mwanafunzi hafundishwi kazi moja tu, bali anasoma kidogo cha kila kitu: fasihi, historia, falsafa, sayansi, hata muziki. Wiki moja, barua mbili. Vyote vimemkubali, na vyote vitamlipia nusu ya ada kwa sababu ya zile alama!

Siku hiyo niliosha vyombo nikiimba mpaka madam akaja jikoni kuuliza kuna nini.

Majina ya vyuo siyataji. Kimoja kilikuwa na mabati mekundu, kingine mabati ya kijani, na nawaapia, hiyo ndiyo tofauti pekee niliyoiona kwenye picha.

Wakesho alinitumia ujumbe wa sauti siku ileile. "Mum, mimi nimependa kile cha kijani," alisema. "Siku ya kutembelea niliingia darasani, mwalimu akasoma hadithi, halafu akaniuliza mimi nafikiri nini. Mimi, mgeni tu. Na akangoja nijibu."

Basi. Hiyo ndiyo sababu yake. Nilicheka! Nikamjibu kwamba chuo hakichaguliwi kwa sababu ya swali moja la mwalimu, na asijibu barua yoyote mpaka nimwambie mimi.

Kwa nini sikumwachia? Hapa inabidi niwaeleze nyumba ninayofanyia kazi. Rima, binti mkubwa wa madam, naye alikuwa anachagua chuo mwaka huohuo. Alikuwa na viwili pia, vya ng'ambo, vidogo, vinavyofanana kama sahani za seti moja. Nyumba nzima ilichagua! Baba yake alichora karatasi kubwa yenye safu mbili, ikabandikwa sebuleni: walimu, maktaba, chakula, idadi ya wanafunzi darasani, mpaka baridi ya huko. Jioni wakinywa kahawa wanaongeza mstari, wanabishana, wanacheka. Mwezi ukaisha, wa pili ukaingia, hawana haraka. Mimi napita na sinia yangu, naiba kwa macho. Nikajiambia, kumbe wenye nafasi zao huchagua polepole hivi, na sisi hukosea kwa sababu ya pupa...

Nikachukua daftari la jikoni, nikachora safu mbili zangu.

Na niseme ukweli wote, maana nimekuja kuungama. Kuchagua kulininogea. Miaka minne nilikuwa sijachagua kitu! Chakula cha kupika naambiwa. Nguo ya kazi napewa. Sabuni ya kuogea ni ile ambayo madam ameichoka harufu. Sasa, kwa mara ya kwanza, kulikuwa na milango miwili mizuri na ufunguo uko mkononi mwangu. Ningeuachia vipi?

Nikamtuma Wakesho akaulize kama bweni lina maji siku zote. Akaenda kote, akarudi: kote kuna maji, na kote hukatika Jumamosi. Nikamtuma akaulize chakula. Kote maharagwe na sukuma wiki, nyama Jumapili. Nikamtuma akaangalie madirisha ya bweni kama yana vyuma. Yana, kote. Kila mara, mwisho wa ujumbe, aliuliza kwa upole, "Kwa hivyo nikubali cha kijani, mum?" Nami nikamjibu bado.

Ijumaa moja, siku yangu ya kutoka, nilikwenda mtaa wa Ghulail kwa Zuhura, Mmombasa, rafiki yangu wa siku nyingi ambaye hushona nguo chumbani kwake. Nikamwonyesha daftari kwa madaha, kurasa nne zimejaa. Hata hakuliangalia vizuri. Aliendelea kukanyaga cherehani, kisha akasimama.

"Mama Wakesho, mwana ashakwambia atakacho," alisema. "Sasa wewe wangoja nini?"

Nilichukia! Nikamwambia yeye hajasomesha mtoto, hajui. Maneno mabaya, maana Zuhura hana mtoto na anajua kwamba najua. Nikafunga daftari langu nikaondoka, na sikukanyaga tena Ghulail kwa Ijumaa nyingi.

Kisha Wakesho akaanza kunihimiza. Vyuo vyote vilikuwa vimeandika kwenye barua kwamba anayekubali ajibu ndani ya mwezi mmoja, na mwezi ulikuwa unakwisha. Nikamwambia waache wasubiri. Rima naye hajajibu, mbona vyuo vyake vinamsubiri? Watoto wa siku hizi mna wasiwasi sana! 

Wiki moja baada ya mwezi kupita nilipiga hesabu ya mistari yangu. Chekundu kilishinda kwa alama moja. Mnajua alama ya nini? Lango lake lilikuwa na askari wawili, la kijani lilikuwa na mmoja... Nikampigia nikamwambia, nenda chekundu. Nilimsikia akivuta makamasi. Lakini Wakesho si mtoto wa kubishana. Alisema sawa, mum.

Alipofika chekundu aliambiwa nafasi yake, pamoja na ule ufadhili, imepewa mwingine. Akakimbilia kijani. Huko nako walikuwa wamemsubiri siku tatu baada ya mwezi kwisha, kwa sababu yule mwalimu aliwaomba, kisha wakafunga. Siku tatu! Walimwambia anaweza kuomba upya mwaka ujao, lakini ufadhili hawaahidi.

Nilimfuata madam sebuleni. Nilitaka kujua vyuo vya Rima vina subira ya namna gani. Alikuwa akimenya chungwa. Akaniangalia kama mtu aliyeulizwa jua linachomoza wapi, akanijibu kwa Kiarabu, taratibu, ili nielewe.

"Tulilipia nafasi kote kuwili tangu siku ya kwanza. Rima akiamua, kile kingine, halas, basi, tunakiacha."

Karatasi ile sebuleni ilikuwa mchezo wao wa kunywea kahawa. Nafasi zilikuwa zimeshashikwa, na mimi nimeiga mchezo nikiwa sijashika chochote! Nilirudi jikoni nikalichana lile daftari, mapishi na vyuo vyote pamoja. Upuuzi gani ule? Mtu mzima mimi!

Wakesho hakunilaumu, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi. Alijibu salamu tu. Miezi ikapita. Nikawa nampangia tuombe upya, namtumia mawazo, yeye ananijibu "sawa" tu. Kumbe wakati huo alikuwa akihangaikia pasipoti, na mama yangu mzazi anajua, na ameapishwa asinitamkie! Siku moja mchana, watu wa nyumbani wamelala, nikapata ujumbe wa sauti kutoka nambari ya huku Uarabuni.

"Mum, nimefika Riyadh. Kazi ya nyumba, mkataba ni miaka miwili. Usigombane na nyanya. Hiki nimekichagua mwenyewe."

Niliketi sakafuni pale pale jikoni. Miaka yote hii nimefua na kusugua ili mwanangu asifue na kusugua... na amekuja kwa miguu yake mwenyewe!

Ilinichukua miezi mitano kupewa ruhusa ya siku mbili. Kwanza tumsindikize Rima, madam alisema. Nilimfungia Rima masanduku kwa mikono hii. Kisha nikapanda basi, safari ya karibu siku nzima, nikateremkia mtaa wa Batha, Riyadh. Wakesho aliletwa na dereva wa nyumba anayofanyia kazi, kijana wa Kisumu, akasema anatupa saa moja. Amekonda. Amejifunza kutembea akiangalia chini, kama mimi.

Tuliingia kwenye mkahawa mdogo. Mhudumu akaja. Nikafungua mdomo niagize chai mbili na chapati, nikaufunga.

"Wewe unataka nini, Wakesho?"

Aliangalia vyakula vilivyoandikwa ukutani, kutoka juu mpaka chini, akarudia.

"Chochote, mum. Agiza wewe."

Na huyu ndiye aliyeulizwa anafikiri nini mbele ya darasa la wageni, akajibu! Nikamwambia siagizi. Nangoja. Mhudumu alikuja mara mbili akaondoka. Tulizungumza habari za nyanya, za mvua, za ikama yake, kile kibali cha kuishi huku, na kila nikinyamaza anaangalia ukuta, hasemi. Dereva akapiga honi. Tuliondoka bila kunywa kitu.

Mzazi mwenzangu, hasa wewe uliye mbali kama mimi, unayetaka kumshika mtoto kwa simu kwa sababu mikono haifiki... nakusihi. Mtoto akikwambia nataka hiki, mpe jibu siku hiyo hiyo. Vikifanana, ndiyo sababu zaidi ya kumwachia yeye! Mimi nilitafuta tofauti kwenye vyuma vya madirisha, na tofauti alikuwa ameshaniambia siku ya kwanza.

Mkataba wake umebaki miezi kumi na minne. Tumepatana na Zuhura, na yeye ndiye anayenikumbusha nisianze kupanga. Kila Ijumaa nampigia Wakesho, namuuliza anataka nini, kisha nanyamaza. Mara nyingi husema chochote. Ijumaa iliyopita alisema anataka nikate simu, alale.

Nikakata.