Moto wa Nyasi

Mapenzi ya Wavinya na Njau yalianza kwa damu, na nusura yaishie kwa damu.

Siku ya soko pale Thika, Wavinya alikuwa amechuchumaa akichagua katani, leso ya manjano kiunoni, mwizi akamnyakulia kiondo akatoka mbio. Njau, fundi wa kuchomea vyuma wa papo hapo Thika, akamkata mwizi ngwara, akampiga ngumi hadi jino likaruka. Alipoinama kuokota kiondo, Wavinya akadhani huyu ni mwizi wa pili. Akamrukia, akamuuma mkono mpaka akaonja damu.

"Wee mama, hiyo ni nyama yangu," Njau akamwambia polepole. "Kiondo ni chako, shika."

Wavinya aliona haya, akamfunga jeraha kwa leso yake. Kutoka hapo simu hazikukoma. Kila jioni Njau alipiga akitaka kujua kama Meno amekula, kama Meno amemkumbuka. Ndilo jina alilompa. Naye Wavinya alicheka peke yake huko Kiuu, Ruiru, alikopanga chumba, vidole vikisuka.

Wakati huo nchi ilikuwa ikichagua kazi za mikono za kupeleka maonyesho Japani. Njau alijaribu na simba wa chuma. Wavinya akajaribu na kiondo kirefu kumshinda, kilichopinda kama mtu anayeinama kusali. Simba akakataliwa, kiondo kikakubaliwa; gari lingekuja kukichukua Ijumaa. Njau alicheka, akasema Wajapani wana chuma chao. Lakini Muema, kaka yake Wavinya, mtu wa bodaboda na ngumi za haraka, alimwonya dada yake kwamba mwanaume akishindwa na mwanamke hapati usingizi.

Jumapili baada ya kanisa, Wavinya alimwambia Njau kwa simu, "Kimebaki kubabuliwa tu, na mgongo wangu umekufa kwa kuinama."

Kesho yake akaenda Kimbo kununua kitambaa cha kukifunikia. Aliporudi, moshi ulikuwa umejaa uani. Kiondo kilikuwa kimeungua mdomo wote. Njau alisimama kando na ndoo, mtungi wake wa gesi ya kuchomelea miguuni.

Wavinya hakumuuliza neno. Alichukua mchi wa kinu, akampiga begani, akampiga mgongoni.

"Umeniona nimekupita, ukaamua kunichomea?"

"Si hivyo, Meno."

"Usiniite hivyo."

Pigo la tatu lilimpasua kichwa. Damu ikashuka kwa shati jeupe alilovaa kuja kumwona. Njau akaondoka mikono ameificha kwapani. Muema aliposikia, alichukua rungu akawasha pikipiki kuelekea Thika.

Wavinya akabaki akipangusa masizi, akilia. Kitambaa kikakwama. Kwenye katani iliyoungua palikuwa pamegandamana ngozi ya kiganja cha mtu.

Mungu humfungua macho mtu akishatulia. Nani huchoma kitu kwa chuki, kisha akauingiza mkono motoni kukitoa? Akakumbuka maneno yake mwenyewe ya simu. Kwao Ukambani kiondo hubabuliwa kwa moto wa nyasi, kikiwa na unyevu, kinapitishwa upesi vinyoya viishe. Njau hakuwahi kuona. Alitaka kumpunguzia kazi, akaleta moto anaoujua, ule wa kukata chuma.

Wavinya alifika Thika akamkuta Muema amemkalia Njau kifuani, rungu juu, na Njau akikinga uso kwa viganja visivyo na ngozi. Wavinya akawarukia. Alimuuma kaka yake mkono mpaka rungu likaanguka.

"Mimi ndiye niliyekosa," akamwambia. "Ukimpiga tena, uanze na mimi."

Siku zilizofuata Njau, mikono imefungwa bendeji, alielekeza kwa mdomo tu. Fundi mwenzake akakata manyoya ya shingo ya yule simba wa chuma, wakayazungusha kwenye mdomo mweusi wa kiondo, Wavinya akayashonea kwa katani mpya. Ijumaa wenye gari walikitazama, wakakipakia. Kikaenda Japani na majina mawili.

Jioni hiyo Wavinya alikuwa akimlisha Njau ugali, tonge kwa tonge.

"Meno, nikuoe?" Njau akauliza. "Pete utangoja kidogo, vidole vipone."

Wavinya akamwekea tonge mdomoni kwanza.

"Nimekubali. Lakini moto wa nyumba yetu nitawasha mimi."